Toleo Lisilo na Mwimbaji

Jumamosi, Machi 1

Mvua ya kwanza imenyesha jana na imeondoka na nusu ya paa la mama mkwe. Mume wangu amemfuata asubuhi na mapema. Mama amekuja na sanduku moja, mwavuli na mto wake mwenyewe, kana kwamba nyumba hii haina mito. Fundi wa paa amesema hapandi juu mpaka mvua zipungue, labda katikati ya mwezi wa tano. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni: wiki kumi. Daftari hili nimelinunua kwa sababu hiyo. Kuna mambo mke hawezi kumwambia mumewe kuhusu mama yake, na nikikaa nayo moyoni wiki kumi nitapasuka.

Niseme lenyewe mara moja, nisizunguke. Mama mkwe hanipendi. Miaka kumi na moja, kila Jumapili tunakula mezani kwake, mimi nikikaa kushoto kwake karibu na mlango wa jikoni ili niwahi masufuria, na katika miaka yote hiyo sijapata kwake maneno ya kujaza kijiko. Nasema, "Mama, mboga imekolea," yeye anatazama mbele. Nasema, "Mama, nikuongezee?" yeye anatazama mbele. Mwanawe akitia neno, anacheka mpaka machozi.

Kwa pilikapilika za sanduku nimekosa nusu ya Matoleo Mawili, kipindi changu cha redio.

Jumatatu, Machi 3

Mvua. Mto wake umeanikwa kwenye kiti changu.

Jumanne, Machi 4

Kazi yangu ni meno ya bandia. Karakana ni chumba cha nyuma: dirisha moja, benchi, taa ya kuinama, na vumbi jeupe la plasta ambalo halijawahi kuisha tangu niolewe. Madaktari wa meno wananiletea chapa ya kinywa cha mtu, mimi namwaga plasta, napanga meno kwenye nta, nalinganisha na picha ya zamani mpaka mwenyewe akicheka watu wasijue. Ni kazi ya kuona vitu vidogo. Nadhani ndiyo maana nimenasa kwenye kipindi kile cha redio.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mtangazaji mmoja mwenye mafua ya kudumu anapiga wimbo wa roki wa zamani mara mbili. Kwanza toleo lililotoka kwenye santuri ndogo, halafu lile la kwenye albamu, au lile waliloliuza nchi nyingine. Mtu asiyejali ataapa ni wimbo uleule. Lakini mahali fulani gitaa limepigwa upya, au mwimbaji amekohoa, au mwisho umeongezwa sekunde kumi. Ukipata tofauti tatu unapiga simu. Wapigaji tunatumia majina ya utani, na langu ni Fundi Meno. Nimepatia mara saba. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa udereva na hata kwenye kochi mguu wake wa kulia unatafuta breki, anasema huo ni ugonjwa usio na dawa.

Leo mama mkwe amesimama mlangoni mwa karakana, akatazama meno ya juu ya mtu yaliyokaa kwenye benchi, akasema, "Huyu alikuwa mlafi." Akaondoka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki.

Alhamisi, Machi 6

Wifi amekuja. Ni mwalimu mkuu, na hata ukiwa kwako mwenyewe unajikuta umesimama wima. Amenivuta karakanani, akafunga mlango.

"Wifi, akili za mama haziko sawa," amesema. "Nimemwita mara tatu pale sebuleni, anatazama mvua tu. Na mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwambia nakuja Jumatano, akaniandalia Ijumaa."

"Labda amechoka."

"Kuchoka gani huko. Sikiliza, wewe una jicho la vitu vidogo na unashinda naye. Kila akikosea, andika tarehe na alichofanya. Paa likiisha tutakaa kikao, tuone kama anarudi kwake au anabaki hapa kwenu moja kwa moja."

Moja kwa moja. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mwalimu wa shuleni kwake anatafuta nyumba na ameshamwahidi ile ya mama, ila mama asiambiwe kwanza.

Nimekubali kuandika. Nimejiambia nitaandika ili waone hana tatizo lolote, arudi kwake, nami nirudishiwe nyumba yangu. Huo ndio ukweli na sioni haya.

Jumamosi, Machi 8

Nilikuwa nimeshika kalamu, tofauti mbili mkononi, ya tatu inanikimbia. Mama mkwe akaingia bila hodi, akaongeza sauti ya redio mpaka meno yakatetemeka kwenye benchi, akakaa juu ya mfuko wa plasta mbele yangu. Toleo la pili lilipoisha akasema, "Huyu mpiga ngoma alichoka mapema."

Nikarudisha kichwani. Kweli. Kwenye toleo la albamu, matoazi yananyamaza kabla ya mwisho. Nikapiga simu, nikapatia. Mara ya nane.

Sikumwambia mtangazaji nani aliyesikia. Nimeona niandike hapa walau.

Jumatatu, Machi 10

Kosa la kwanza: nimemwuliza kama ana maji ya kuoga, akajibu kwamba nguo hazitakauka leo.

Jumanne, Machi 11

La pili: televisheni kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Alhamisi, Machi 13

La tatu: jirani amemsalimia dirishani, hakuitika. La nne: mume wangu amemuaga akienda kazini, hakugeuka. Alipanda gari uso umemshuka.

Jumamosi, Machi 15

Amekuja karakanani saa nne kasorobo akiwa na kigoda chake. Tumebishana kuhusu kikohozi. Mimi nasema mwimbaji alikohoa kabla ya ubeti wa tatu, yeye anasema yule hakukohoa, alicheka.

"Mama, hicho ni kikohozi."

"Mtu akikohoa hatabasamu kwenye neno linalofuata. Sikiliza hilo neno. Limetabasamu."

Nina toleo hilo kwenye santuri zangu. Tumelipiga mara sita. Limetabasamu.

Sikuwahi kujua kwamba anaujua muziki huu. Amesema ujana wake alikuwa anapiga pasi kwenye duka la dobi lenye redio, na mwenye duka alikuwa hataki kusikia kingine. Saa kumi na mbili kwa siku, pasi na magitaa. Nimeolewa katika familia hii miaka kumi na moja, lakini hakuna aliyenipa habari hiyo.

Jumapili, Machi 16

Mezani nimemwambia, "Mama, leo nimeota kile kicheko." Akatazama mbele.

Jumatano, Machi 19

Mvua siku ya nne mfululizo. Makosa yamefika saba. La saba: nimemwita kutoka jikoni mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi, Machi 22

Hili ndilo linanichanganya. Karakanani tukiwa uso kwa uso, benchi katikati, mama huyu ni mtu mwingine. Anaongea, anatania, amelipa jina kila jino. Mezani ananigeuka. Nikawaza labda anaona aibu kunipenda mbele ya watoto wake. Nimekasirika zaidi kuliko alipokuwa hanipendi kabisa, maana sasa najua ninachonyimwa.

Jumamosi, Aprili 5

Leo hakuna kipindi, au kilikuwepo na sisi hatukukisikia. Niandike taratibu.

Asubuhi nilitoka kupeleka kazi kwa daktari, meno ya chini ya mzee mmoja anayekwenda harusi ya mjukuu. Mama alibaki peke yake. Akaweka birika jikoni, lile linalopiga filimbi, akaenda kukaa sebuleni na gazeti. Mlango wa jikoni uko hatua tano nyuma ya kochi. Birika likapiga filimbi. Likapiga mpaka maji yakaisha, mpini ukayeyuka, moshi ukajaa jikoni. Mume wangu ndiye aliyefika, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, akakuta jiko linawaka chini ya kitu kisichofanana tena na birika, na mama yake anasoma habari za michezo.

Niliporudi nilimkuta mume wangu amekaa ukingoni mwa bafu, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Huyu ni mtu ambaye wanafunzi wamemgongesha mara tatu na hakuwahi kupandisha sauti.

"Filimbi ile inasikika mpaka barabarani," alisema. "Siku zote naisikia nikiwa garini. Yeye yuko hatua tano."

"Labda alisinzia."

"Alikuwa anasoma. Alinisomea na matokeo." Akainuka, akakaa tena. "Dada ana haki. Angekuwa kwake angeungua humo humo. Harudi kule."

Mama amejifungia chumbani mchana wote. Jioni nilimpelekea chai, nikamkuta anatazama mto wake. Alisema bila kunitazama, "Mimi si mtu wa kuunguza birika." Nilimsogezea kikombe. Nilipaswa kuhesabu siku zangu zilizobaki za uhuru na kulia kwa ajili yangu. Nimejikuta nalia kwa ajili yake, na jambo hilo limenishangaza.

Kosa la kumi na mbili. Nimeliandika kwa sababu niliahidi.

Jumanne, Aprili 8

Wifi amepiga simu. Kikao ni Mei 10. Mwalimu wake anauliza kama anaweza kupaka rangi.

Jumamosi, Aprili 12

Mvua imegonga bati la karakana mpaka redio imekuwa mdomo unaochezacheza tu. Tulichoambulia ni tangazo: Jumamosi ijayo ni "Taa ya Reli", wimbo wa ile bendi ya ndugu wawili waliogombana, toleo la mono na toleo la stirio. Nikaruka. Ninayo yote mawili.

Toleo la mono, sauti zote zimefungwa furushi moja na zinaingia masikio yote mawili sawasawa. La stirio wamezigawa, na miaka ile walikuwa wanagawa kibabe: mwimbaji mzima kushoto, magitaa na ngoma zote kulia. Kwa kuwa bati halikutupa nafasi, nikamvalisha mama hedifoni zangu. Hakuwahi kuvaa maishani. Nikampigia stirio, sauti juu.

Akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Akasema, "Tofauti ya kwanza. Hili halina mwimbaji."

Nikadhani ananitania. Nikarudisha mwanzo. Akasikiliza tena. "Hakuna mtu hapa anayeimba, mwanangu. Vyombo tu."

Ameniita mwanangu kwa mara ya kwanza, siku hiyohiyo ambayo nimeamini kwamba akili zinamwondoka. Mwimbaji yule anapiga kelele dakika nne nzima. Nimemvua hedifoni, nikamwambia tupumzike. Kosa la kumi na nne. Mkono umekuwa mzito kuliandika.

Jumapili, Aprili 13

Nimerudia mara mbili kusoma nilichoandika jana ili niwe na hakika na mpangilio, maana leo nataka kila kitu kikae mahali pake.

Asubuhi, kabla ya kula, mama akaja karakanani mwenyewe. Hakulala vizuri, alisema, anataka kumtafuta yule mwimbaji. Akazichukua hedifoni, akazivaa bila kutazama, kinyume. Sikumsahihisha. Nikaweka santuri.

Uso wake ukafunguka. "Huyu hapa. Alikuwa wapi jana?" Akasikiliza kidogo, akakunja uso. "Ila sasa wameondoa gitaa."

Nikasimama pale na kifuniko cha santuri mkononi. Nina kichwa cha kulinganisha vitu, ndicho kinachonilisha, na kilifanya kazi polepole mpaka aibu. Jana mwimbaji alikuwa kushoto, hakumsikia. Leo mwimbaji yuko kulia, amemsikia. Jana gitaa lilikuwa kulia. Leo liko kushoto.

Nikamvua hedifoni. Nikaenda kusimama kushoto kwake, karibu kabisa, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, meno haya ni ya nani?" Akatazama mbele. Nikazunguka kulia, nikainua sauti, nikasema yaleyale. "Ya yule mlafi," akasema.

"Mama. Sikio lako la kushoto linasikia?"

Akanitazama kama nimeuliza kama kiwiko chake kinaandika. "La kushoto? La kushoto si la kusikilizia."

"Vipi si la kusikilizia?"

"Mtu si ana mkono wa kuandikia, na mwingine wa kushikia karatasi? Na sikio ndivyo. Moja la kusikilizia, jingine la kukaa upande wa pili."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Kuna kuambiwa? Ndivyo nilivyo tangu nina akili. Wewe unasikiliza kwa lipi?"

"Yote mawili, mama."

Alishika sikio moja, akashika na jingine. Kisha akasema, kwa wivu wa wazi, "Kwa wakati mmoja?"

Miaka sabini na moja. Ameolewa, amezaa, amezika, hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayemwuliza mwenzake anasikia kwa sikio gani. Nilianza kucheka, naye akacheka, halafu mimi nikasimama katikati ya kicheko kwa sababu nimekumbuka meza. Miaka kumi na moja. Mlango wa jikoni. Kushoto.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mboga na kuongezewa na kutazama mbele, na jinsi nilivyokuwa narudi nyumbani kila Jumapili nikiwa nimevimba.

"Ulikuwa unaongea?" aliuliza.

"Kila Jumapili."

"Mimi nilijua wewe ni mkimya. Nilimwambia mwanangu, umepata mwanamke mtulivu, usimsumbue kwa maneno. Nikawa nakuacha upumzike." Akashika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama mimi ndiye niliyeletwa kutengenezwa. "Sasa hebu yaseme yote tena. Anza na mboga."

Nimempenda. Naandika hivyo bila kupamba. Leo mchana nimekaa kulia kwake na sijanyamaza mpaka mume wangu akauliza kama tumekunywa kitu.

Jumatatu, Aprili 14

Nimeyapanga makosa kumi na manne benchini, kama ninavyopanga matoleo. Manane sauti ilitoka kushoto kwake. Yaliyobaki ni ya nyuma yake, au ya mbali, au ya sauti isiyomtosha. Hakuna hata moja la kusoma, la kukumbuka, la kuhesabu, la mtu aliye mbele yake.

Lakini birika? Birika lilitakiwa lisikike hata kwa sikio moja. Na jana kulia nililazimika kuinua sauti. Tunakwenda kwa daktari wa masikio.

Jumatano, Aprili 16

Sikio la kushoto lilikufa utotoni, daktari anasema pengine ni matubwitubwi, na halitafufuka. La kulia ni zima. Lilikuwa na nta.

Nta. Nashika nta kila siku kwa miaka ishirini, na iliyokuwa inataka kumpokonya mama nyumba yake sikuiona. Daktari ametia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na kilichotoka sitakielezea hapa. Mama amekiomba akione. Amekitazama kwa heshima.

Nje ya zahanati alisimama ghafla. "Viatu vyako vinalia hivyo siku zote?"

Alhamisi, Aprili 17

Leo amelalamikia friji, mkoromo wa mwanawe, saa ya ukutani na jirani anayepiga mswaki. Furaha tupu.

Jumamosi, Aprili 19

"Taa ya Reli". Tumepatia tofauti tano, mbili zaidi ya walizotaka. Mtangazaji aliuliza Fundi Meno amekula nini. Nikasema safari hii tuko wawili.

Jumapili, Aprili 27

Mvua zinakatika. Fundi wa paa amepanda. Mume wangu anafurahi kwamba mama anamsikia akimuaga, lakini nikitaja kurudi kwake anazungumzia birika. Hofu ikishaingia haitoki kwa maji ya uvuguvugu.

Jumamosi, Mei 3

Siku mbaya, ila imeisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Wifi alikuja mchana, akapiga simu yake kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, kwa ile sauti ya chini ambayo tulizoea kuitumia ndani ya nyumba hii. Alikuwa anamwambia mwalimu wake kwamba rangi ya njano haitafaa sebuleni, achague nyeupe. Mama alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Amesikia kila neno.

Hakusema kitu mpaka wifi alipoondoka. Akaja karakanani, akakaa.

"Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. "Nilijua, mama. Tangu Machi. Na niliombwa niandike makosa yako, nikayaandika."

"Lete."

Nilimpa daftari hili. Alisoma kurasa zote, bila miwani, akilamba kidole. Mimi nilisafisha jino moja mpaka likakaribia kuisha. Mwishowe akafunga.

"Kumi na manne tu? Umenipunja. Siku ile ya mvua kubwa niliweka viatu vyako kwenye ndoo."

"Nisamehe, mama."

"Hapa mwanzoni ulikuwa unataka niondoke."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa sitaki. Nimekuzoea. Jumamosi bila wewe sijui nitazifanyaje."

Aliniangalia muda mrefu, macho yamelowa, anatabasamu. "Basi nisaidie niondoke," akasema. "Nina nyumba yangu. Humu ndani mimi ni mgeni wa kila mtu. Kule hata sufuria zinanijua. Wewe umenipa sikio, sasa nipe na mdomo, maana wale wawili wakianza kulia nitawaonea huruma nikubali."

Ijumaa, Mei 9

Paa limekwisha. Nimenunua birika jipya, la umeme, linalojizima.

Jumamosi, Mei 10

Kikao. Sebule, watu wanne, mama kwenye kona ili wote tuwe kulia kwake. Wifi alikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa na daftari.

Nilisoma makosa yote kumi na manne, na kila moja nikasema sauti ilitoka wapi. Kushoto. Kushoto. Nyuma. Jikoni. Kushoto. Nilipofika la saba mume wangu alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. Nikasoma la kumi na mbili, birika, kisha barua ya daktari. Wifi aliniuliza kwa sauti ya mwalimu mkuu kama nina hakika au nataka tu kuondokana na mkwe.

"Nilitaka," nikasema. "Leo nikimsindikiza nitalia njia nzima. Lakini hakuna tatizo la akili hapa. Kulikuwa na sikio moja, na sisi tuliosimama upande mbaya."

Wifi akamwinamia kaka yake, akanong'ona, "Sasa tutafanyaje?"

"Mtatengeneza chai," mama akasema kutoka kwenye kona. "Na wewe, mwanangu, mwambie mwalimu wako atafute kwingine. Ile nyumba ina mtu."

Wifi aliikunja karatasi yake. Halafu, na hili sikulitarajia, akaenda kupiga magoti kulia kwa mama yake, akaweka kichwa mapajani pake na kulia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikuwa anaogopa tu, masikini. Nami miezi yote nilikuwa nimemwona kama mtu wa karatasi na kikao. Mume wangu ametengeneza chai, imekuwa ya moto na mbaya, tumeimaliza.

Alhamisi, Mei 15

Tumempeleka. Ameweka mto wake kitandani, akatutoa nje kwa adabu.

Jumamosi, Mei 17

Jua. Saa nne nilikuwa benchini peke yangu, nimekwama kwenye tofauti mbili. Nikapiga simu hivyohivyo, nikiomba ya tatu inijie njiani. Namba inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

"Tuna mpigaji mpya," mtangazaji akasema. "Jina?"

"Niandike Sikio Moja."

Niliweka chini kila nilichokuwa nimeshika. Alizitaja tatu, bila kukimbia. Ile ya tatu, kwamba kwenye santuri ndogo mpiga besi amewahi kuingia kabla ya wenzake na wakamwacha, sikuisikia kabisa, wala nisingeisikia hata ningepewa wiki nzima.

Mtangazaji alifurahi mpaka mafua yakamsahau. Akauliza, "Mama, na hapo uko na nani anayekusaidia kusikiliza?"

"Sina mtu," mama mkwe wangu akasema, na nchi nzima ikamsikia. "Naishi peke yangu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja cheo chake.